Karo ya Kungojea

Kuanzia Septemba 2006, mtu wa Afrika Mashariki aliyetaka kuhamia Kanada kwa ujuzi wake hakutakiwa kutuma mengi. Fomu kadhaa, na hundi ya benki ya dola 550 za Kanada kwa mwombaji mkuu. Vyeti, matokeo ya chuo, barua za waajiri na taarifa za benki vingeitishwa baadaye, zamu ya faili itakapofika. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi Mombasa wakati huo tuliiona ni nafuu kubwa. Nilikuwa mhasibu katika kampuni moja ya uwakala wa forodha, na katika ofisi yetu peke yake tulikuwa watu kadhaa tuliopeleka bahasha Nairobi. Baada ya muda ilirudi barua fupi yenye nambari ya faili inayoanza na herufi B. Niliiweka pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.

Kilichofuata ni kungoja, na huku unangoja maisha hayasimami. Watoto walizaliwa, wazazi walizeeka, mtu akitaka kujenga anajiuliza ajengee nani. Ndani ya kungoja huko ndiko ilikokomaa desturi ya kwenda kusoma kule kule ulikoomba kuhamia, faili likiwa bado rafuni. Siku hizi desturi hiyo inasimuliwa kama hila ya wanafunzi wa kigeni, na ndiyo sababu nimeona niiandike. Haikuwa hila. Ilitokana na sheria, moja baada ya nyingine, na mtu akizifuata kwa tarehe zake ataona jinsi foleni ilivyowasukuma watu darasani, na ilivyowaacha nje wale ambao hawakuwa na karo.

Wazazi wetu walikujua kusoma ng'ambo kwa namna moja tu. Ndege ya kwanza ya wanafunzi iliyoandaliwa na Tom Mboya na wenzake iliondoka Nairobi Septemba 1959 ikiwa na vijana 81, na matarajio yalikuwa kwamba watarudi, kwa sababu uhuru ulikuwa njiani na ofisi zilihitaji watu. Mwaka huo huo nchi za Jumuiya ya Madola zilikubaliana kuanzisha ufadhili wa masomo baina yao, na Kanada ikawa miongoni mwa wafadhili. Kwa waliotoka kwetu ahadi ilikuwa ile ile: soma, rudi, ujenge nchi. Mjomba wangu aliyesomea ualimu nje miaka hiyo alirudi na koti zito la sufu ambalo hakupata kulivaa Mombasa hata siku moja, na lilitundikwa sebuleni kama shahada nyingine.

Kanada yenyewe ilikuwa inabadilika. Hadi mwaka 1962 kanuni zake za uhamiaji ziliwapendelea Wazungu waziwazi. Mwaka 1967 ukaja mfumo wa alama: elimu, umri, lugha, ujuzi, kazi inayotafutiwa watu. Ukipata 50 kati ya 100 unapita, uwe umetoka Glasgow au Zanzibar. Naliheshimu sana wazo hilo, na bado nadhani ni miongoni mwa mambo ya haki zaidi ambayo nchi tajiri imewahi kuyaandika kuhusu wageni. Lakini kanuni hizo zilikuwa na kipengele kingine ambacho wengi wamekisahau. Aliyekwisha ingia nchini kama mgeni aliruhusiwa kuomba ukaazi akiwa humo humo, na akikataliwa aliweza kukata rufaa. Watu wakaingia kama wageni, wakaomba, rufaa zikajaa hadi bodi ya rufaa ikashindwa kuzimaliza. Novemba 3, 1972 serikali ikaifuta ruhusa hiyo. Mwaka uliofuata ikawapa waliokwama ndani hadi Oktoba 15 wajiandikishe, na takriban watu 39,000 wakahalalishiwa makaazi yao.

Tarehe hiyo ya Novemba 1972 inanigusa kwa sababu nyingine. Siku hizo hizo ndege za kukodi zilikuwa zikitoka Entebbe kwenda Montreal, zikiwa zimewabeba Waasia wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin. Maafisa wa Kanada walifungua ofisi Kampala mapema Septemba, na kabla ya siku 90 ambazo Amin aliwapa Waasia hao waondoke kwisha, maafisa hao walikuwa wametoa viza takriban 6,000. Alama zilikuwepo, ila walizilegeza. Kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki tumeshaona kwa macho yetu kwamba serikali ikitaka, faili la mtu anayetaka kuhamia Kanada huamuliwa ndani ya majuma machache. Kila nilipoambiwa kwamba kungoja miaka ni jambo lisiloepukika, niliikumbuka Kampala.

Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1978 ilimtaka mwanafunzi apate kibali kabla ya kuondoka kwao, na amridhishe afisa kwamba atarudi masomo yakiisha. Hapo masomo na uhamiaji vikawekwa mbalimbali. Aliyekuwa na ombi la kuhamia alijikuta pabaya akiomba pia kusoma, maana faili lake lenyewe lilishuhudia kwamba anataka kubaki. Kwa miaka mingi ushauri uliotolewa vibarazani ulikuwa mmoja: chagua moja, usichanganye.

Mambo yakageuka Juni 28, 2002, sheria mpya ya uhamiaji na ulinzi wa wakimbizi ilipoanza kazi. Katika kifungu cha 22 kuna aya fupi inayosema kwamba nia ya kuwa mkaazi wa kudumu haimzuii mtu kuingia kama mkaazi wa muda, ilimradi afisa aridhike kwamba mtu huyo ataondoka muda wake wa kuruhusiwa ukiisha. Ni aya ya mistari michache, na maisha ya watu wengi yamepita humo. Maana yake ni kwamba unaweza kutaka yote mawili bila kuwa mwongo. Unataka kuhamia, na pia uko tayari kuondoka ukiambiwa ondoka.

Sheria hiyo hiyo ilipanga alama upya: elimu 25, lugha 24, uzoefu wa kazi 21, umri 10, kazi uliyokwisha ahidiwa 10, na uwezo wa kuzoea nchi 10. Mwanzoni ulitakiwa kufikisha 75. Septemba 2003 zikashushwa hadi 67. Katika zile 10 za mwisho, aliyesoma Kanada miaka miwili alipata 5. Mtu mwenye 63, na walikuwa wengi, aliweza kuzipiga hesabu na kuona kwamba miaka miwili ya chuo ingemvusha. Kwa hiyo ni serikali yenyewe iliyoandika katika jedwali lake kwamba kusoma Kanada ni hatua ya kuhamia Kanada.

Foleni nayo ilikuwa inakua. Sheria ililazimisha kila ombi lililokamilika lishughulikiwe, na haikuweka kikomo cha maombi ya kupokelewa, huku idadi ya watu wa kuingia ikipangwa kila mwaka. Ukipokea mengi kuliko unayoyamaliza, na huruhusiwi kukataa kupokea, rafu zitajaa tu. Kufikia 2008 waliokuwa wakingoja katika kundi la wafanyakazi wenye ujuzi peke yake, pamoja na familia zao, walizidi 600,000. Ofisi ya Nairobi ilihudumia nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati, na juu ya meza hizo hizo kulikuwa na mafaili ya wakimbizi wa Kongo na Somalia na ya familia zilizotaka kuungana. Sitaki kulalamika kwamba faili la mhasibu wa Mombasa lilikaa nyuma ya faili la mama aliyeachana na watoto wake vitani. Hapo ndipo lilipostahili kukaa. Ninacholaumu ni nchi kupokea ada za watu wengi kiasi hicho bila kuongeza meza.

Kulikuwa na kanuni nyingine waliyoijua wachache, na hao walipoijua waliieneza haraka. Mwombaji alitakiwa kupeleka ombi lake katika ofisi inayohudumia nchi ya uraia wake, au nchi ambamo ameruhusiwa kuishi kihalali kwa angalau mwaka mmoja. Aliyekuwa akisoma Kanada kwa kibali cha mwaka mmoja au zaidi aliangukia fungu la pili, na ofisi iliyowahudumia watu wa namna hiyo ilikuwa Buffalo, mji wa Marekani uliopo mpakani. Foleni ya Buffalo ilikuwa fupi kuliko ya Nairobi. Sheria ni ile ile, alama ni zile zile, mtu ni yule yule. Tofauti ni kwamba huyu amelipa karo na yule hakulipa.

Kwetu karo ilitoka kwenye harambee. Yangu ilifanyika Majengo mwaka 2007, chini ya turubai, na bibi mmoja jirani yetu, aliyekuwa amenilea kama mjukuu wake, alisimama kabla ya kutoa mchango wake.

"Mwanangu, unakwenda kusoma au unahama?"

"Nakwenda kusoma, bibi. Kuhama wataamua wenyewe."

"Haya. Mimi nachangia masomo. Hilo jingine nakuombea."

Sijawahi kusikia mwanasheria akiieleza aya ile ya kifungu cha 22 vizuri kuliko hivyo. Barua niliyoambatanisha na ombi la kibali cha masomo ilisema jambo hilo hilo kwa maneno ya ofisi: kwamba nina ombi la ukaazi, nambari yake ni hii, sikulificha, kwamba kozi hii ina manufaa kwa kazi yangu Mombasa hata nisipokubaliwa, kwamba mama yangu na kiwanja changu viko Kisauni. Kila neno lilikuwa kweli. Mtu anayengoja majibu huishi na mipango miwili iliyo kamili, na yote miwili anaigharimia.

Nilisomea Winnipeg. Kibali chenyewe kilikuwa karatasi moja iliyobanwa kwa pini ndani ya pasipoti, na chini yake pameandikwa kwamba karatasi hiyo haitoi ruhusa ya kuingia tena nchini. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Ukitoka kwenda kuzika, itabidi uwe na viza ya kurudia. Usipokuwa nayo, masomo na karo ya watu vinabaki upande wa pili. Miongoni mwetu wapo waliozikiwa wazazi wao kwa simu, na hilo lilikuwa sehemu ya gharama ambayo haikuandikwa kwenye jedwali lolote la chuo.

Kazi tuliruhusiwa kidogo. Hadi Aprili 2006 mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida hakuruhusiwa kufanya kazi nje ya eneo la chuo chake. Mpango mpya ukaruhusu saa 20 kwa wiki, lakini baada ya kusoma miezi sita na kuomba kibali cha pekee. Kipindi kile cha mwanzo, cha baridi kali na mfuko mtupu, ndicho kilichowavunja wengi. Nilipopata kibali nilihesabu bidhaa usiku katika ghala, kazi niliyoizoea tangu bandarini. Jumamosi nilikwenda mitaa ya Central Park, katikati ya mji, ambako Kiswahili kilisikika kila upande, cha Bukavu na Uvira na Bujumbura. Hao walikuwa wamefika kama wakimbizi, wengine baada ya kungoja miaka kambini. Mama mmoja wa Uvira aliniuliza nasoma nini wakati kazi tayari ninayo kwetu. Nilimwambia nasoma huku nangoja karatasi. Akasema kambini nao walisoma huku wakingoja, cherehani na Kiingereza, kwa sababu anayengoja bila kufanya kitu huharibika. Tukaelewana kabisa, ingawa kungoja kwangu kulikuwa na kitanda na umeme.

Mwaka 2008 ndio uliobadilisha kila kitu. Bunge la Kanada lilimpa waziri wa uhamiaji mamlaka ya kuamua ni maombi gani yashughulikiwe, na mamlaka hayo yakahesabiwa kuanzia Februari 27 mwaka huo. Maagizo ya kwanza yalitoka Novemba. Kuanzia hapo ombi jipya la mfanyakazi mwenye ujuzi lilipokelewa kwa njia tatu: uwe umeahidiwa kazi, au uwe na uzoefu katika mojawapo ya kazi 38 zilizoorodheshwa, au uwe tayari umeishi Kanada kihalali angalau mwaka mmoja kama mfanyakazi wa muda au mwanafunzi. Njia hiyo ya tatu haikutazama orodha. Mwalimu wa historia kutoka Mwanza, ambaye hayumo kati ya zile 38, aliweza kuingia foleni mpya kwa kuwa mwanafunzi. Mwaka huo huo likaanzishwa kundi la wenye uzoefu wa Kanada, lililowachukua wahitimu wenye mwaka mmoja wa kazi, na kibali cha kazi cha baada ya masomo kikarefushwa hadi miaka mitatu.

Hapo kusoma ukingoja kulikoma kuwa mbinu ya watu wachache waliosoma kanuni kwa makini. Kukawa njia rasmi, iliyotangazwa kwenye maonyesho ya vyuo katika hoteli za Nairobi na Dar es Salaam. Sina ubaya nayo. Ndiyo iliyonivusha mimi pia, kupitia mpango wa jimbo la Manitoba wa kuteua wahamiaji wake, ulioanza 1998. Lakini ni lazima niseme ilichofanya. Mfumo wa alama wa 1967 ulimpima fundi umeme wa Tanga kwa anachokijua. Njia ya masomo ilimpima kwanza kwa anachoweza kulipa, na karo ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa mno kuliko ya mwenyeji.

Na wale waliobaki katika foleni ya zamani ya Nairobi? Hata mlango wa kuomba upya ulibanwa: Juni 2010 orodha ilipunguzwa hadi kazi 29, maombi mapya yakawekewa kikomo cha 20,000 kwa mwaka, na ile njia ya mwanafunzi aliyekaa mwaka mmoja ikaondolewa. Uhasibu, uliokuwemo kwenye orodha ya 2008, haukuwemo tena. Kisha, Juni 29, 2012, sheria ya bajeti ikapitishwa ikiwa na kifungu kilichofuta maombi yote ya wenye ujuzi yaliyowasilishwa kabla ya Februari 27, 2008 ambayo hayakuwa yameamuliwa kufikia Machi 29, 2012. Yaliwahusu takriban watu 280,000. Ada zilirudishwa bila riba, na sheria ikaandika kwamba hakuna atakayekuwa na haki ya fidia. Mamia ya waombaji walikwenda mahakamani. Aprili 2013 Mahakama ya Shirikisho ikaamua kwamba Bunge lilikuwa na uwezo wa kufanya hivyo, na rufaa nayo ikashindwa mwaka uliofuata.

Mwenzangu wa dawati la jirani kule Mombasa alikuwa miongoni mwao. Alikuwa na vyeti kunizidi na Kiingereza kizuri kunizidi. Tulitofautiana kwa jambo moja: alikuwa akiwasomesha wadogo zake, kwa hiyo hakuweza kuitisha harambee ya kujisomesha yeye. Aliponipigia simu hakulia wala hakulaani. Aliniuliza tu dola 550 za mwaka 2006 ni shilingi ngapi leo, akaanza kuzipiga hesabu mwenyewe kwa sauti.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Januari 2015 foleni ya kwanza-kufika ikaisha, ukaja mfumo wa kuwashindanisha waombaji kwa alama 1,200 na kuwaalika wa juu, na tangu Novemba 2016 aliyesoma Kanada akapewa alama zake za ziada. Februari 13, 2021, mipaka ikiwa imefungwa kwa korona, serikali iliwaalika kwa siku moja watu 27,332, alama za mwisho zikiwa 75 tu, wote kutoka lile kundi la wenye uzoefu wa Kanada. Mei mwaka huo ikafungua nafasi 40,000 kwa wahitimu, zikajaa kwa siku moja hivi. Ujumbe uliofika Afrika Mashariki ulikuwa wazi: nenda kasome, utabaki. Watu waliuza mashamba kwa ujumbe huo. Kufikia mwisho wa 2023 wenye vibali vya masomo walizidi milioni 1.

Kisha, Januari 2024, kiwango cha fedha za kujikimu ambacho mwanafunzi hutakiwa kuonyesha, kilichokuwa dola 10,000 tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikapandishwa hadi 20,635, mbali na karo na nauli. Mwezi huo huo vibali vipya vya masomo vikawekewa kikomo cha takriban 360,000, pungufu kwa asilimia 35 kuliko mwaka uliotangulia. Oktoba, idadi ya wakaazi wapya wa kudumu kwa 2025 ikashushwa kutoka 500,000 hadi 395,000.

Katika mabadiliko hayo kuna jambo moja nililolipenda. Kuanzia Novemba 1, 2024, wahitimu wengi wa kozi za vyuo visivyo vikuu hawapati kibali cha kazi isipokuwa wamesomea fani zilizoorodheshwa, lakini aliyekuwa ameomba kibali chake cha masomo kabla ya siku hiyo hakuguswa na sharti hilo. Serikali ilikubali kwamba mtu alipanga maisha yake na kukusanya karo yake kwa kanuni za siku aliyoomba. Bunge lingeweza kuandika sentensi ya namna hiyo mwaka 2012, na halikuandika. Na hata sasa ulinzi huo unaishia kwenye kibali cha kazi. Kwenye ukaazi hakuna ahadi. Mhitimu mwenye miaka mitatu ya kibali anashindanishwa upya kila wanapoalikwa watu, kwa alama zinazopanda na kushuka. Mpwa wangu anayesomea uuguzi Ontario yumo katika hesabu hiyo, na tunapozungumza Jumapili haniombi ushauri kuhusu masomo hata kidogo. Ananiuliza alama zimefika ngapi wiki hii.